Khalati, bosi anataka mimi ndiye nimwambie dada wa ofisini kuwa ananuka

Assalam aleikum Khalati, shikamoo.

Mie ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndio leo, na nakuomba jina langu lisitokee. Nafanya kazi kwa kampuni ndogo ya kliaringi, ya kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa Mombasa mjini upande wa Moi Avenue, ofisi yenyewe chumba kimoja, tuko watu sita, meza zimebanana na mafaili yamepanda mpaka juu ya friji. AC imekufa kitambo, bosi kila siku fundi yuwaja fundi yuwaja na huyo fundi hatujamuona, kwa hivyo tuna feni moja ya kusimama, inazunguka polepole inamgawia kila mtu hewa ya mwenzake.

Kuna dada mmoja, tumwite Da Zuu. Huyu ndiye alonifundisha kazi. Nilipoingia sikuwa najua hata entri ya kastamu yaanzia wapi, yeye akanivutia kiti kando yake akanionyesha moja moja mpaka nikashika, na bosi akinifokea yeye ndiye alikuwa anasimama upande wangu. Ni mtu mzima, yuko kwa miaka 48 hivi, mkarimu, Ijumaa haji bila mahamri na mbaazi za sote. Na kwa kazi hakuna wa kumfikia, wateja wakipiga simu wanamuuliza yeye kwanza.

Tatizo Khalati ni harufu. Na si ati alikuwa hivi, zamani alikuwa akipita ananukia mpaka unageuka, asmini, udi, vitu vizuri vizuri. Kama mwaka hivi ndio mambo yamebadilika. Ni harufu ya jasho lakini tena si jasho la leo, ni kama nguo iliyolala na unyevu, halafu juu yake kuna udi na pafyumu kali, vikichanganyika kichwa chauma. Anatoka Likoni, avuke feri na ule umati, apande ule mwinuko wa upande wa kisiwani kwa jua, akifika asubuhi ni afadhali lakini ikigonga saa saba mchana na hili joto la kaskazi basi tena. Buibui halitoki mwilini, ndani kuna dera.

Wenzangu wamejaribu njia zao. Mmoja kila akipita meza yake anapuliza spreyi ya chooni. Yule kijana anayeshughulika na mambo ya bandarini anavaa barakoa za wakati ule wa korona, anasema ana mafua, mafua gani hayo ya miezi. Mtu fulani akamwekea kipande cha sabuni na rolon kwenye droo, Da Zuu alipozikuta akauliza kwa roho safi "nani kasahau vitu vyake hapa?" kimya, akazichukua akazipeleka chooni kila mtu atumie. Halafu mwingine akatuma kwa grupu la ofisi klipu ya mawaidha ya twahara. Da Zuu akajibu "Mashallah, jazakallahu kheir" na maua matatu. Sasa kuna grupu jingine la WhatsApp yeye hayumo, sisi wote tumo, limeitwa Hewa Safi na stika zinazotumwa humo sitaki hata kukuambia.

Wiki iliyopita mteja alikuja kufuata karatasi zake akazungumza amesimama mlangoni, hakutaka kuingia. Bosi akaniita kando, akaniambia wewe ni mwanamke mwenzake na mnapatana, mwambie, lakini usiseme ni mimi nimekutuma. Na akasema mambo yakiendelea hivi atampeleka godauni ya Shimanzi akakae na makarani wa huko. Mtu wa miaka yote hiyo ya ofisini apelekwe godauni na asijue kwa nini.

Mamangu anasema nimfanyie kikapu cha zawadi, sabuni nzuri, pafyumu, losheni, ataelewa mwenyewe. Shoga yangu anasema nimtumie meseji kwa namba asiyoijua nimalize. Mimi naogopa yote mawili, na kumwambia uso kwa uso ndio naogopa zaidi kwa sababu yeye ni kama dadangu mkubwa, ntaanzaje? Na akilia je? Nisaidie Khalati, silali.

Mwenye Haya, Mikindani

*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba.

Kikapu hapana. Msalimie mamako, nia yake nzuri, lakini huyo dada ashapewa sabuni akaipeleka chooni, ashatumiwa mawaidha akatuma maua, sasa wewe ukimpelekea kikapu atakukumbatia, atakwambia Mungu akuzidishie, pafyumu aipulize juu ya lile buibui kesho yake na mtakuwa mmeongeza harufu ya tatu. Mafumbo yanamfaa mtu anayejua kuwa kuna jambo. Da Zuu hajui. Na hajui si kwa sababu ya uzembe, pua ya binadamu ndivyo ilivyo, harufu unayokaa nayo kila saa ubongo unaizima usiisikie tena, ndio maana mtu wa soko la samaki hashangai na mgeni anaziba pua. Ukimuuliza leo ananuka vipi atakwambia ananukia udi, maana udi ndio kitu kipya kwenye pua yake kila asubuhi.

Na hiyo meseji ya namba ngeni, shoga yako mwambie aache. Unajua mtu akipata ujumbe kama huo afanya nini? Anahesabu watu. Ni huyu, ni yule, ni nani, kila anayemsalimia kesho anamshuku, na wa kwanza kumuendea kumuonyesha simu ni wewe, kwa sababu wewe ndiye anayekuamini. Utafanyaje hapo, utajifanya hujui?

Sasa nisikize, kwa sababu kuna vitu umeandika wewe mwenyewe lakini umevipita mbio. Umesema alikuwa ananukia, mambo yamebadilika kama mwaka hivi. Umesema harufu ni ya nguo yenye unyevu. Umesema anatoka Likoni. Mwanangu, hii mimi sioni mtu mchafu hapa, naona mtu ambaye kuna kitu kimemgeuka na bado anapambana, ndio ule udi na ile pafyumu.

Kwanza maji, maana kwa Mombasa huwezi kuzungumza kunuka bila kuzungumza maji. Maji ya bomba tunayotumia karibu yote yanatoka nje ya kaunti, Mzima huko Taita Taveta, Baricho huko Kilifi, Marere na Tiwi huko Kwale, na huko njiani kukiharibika kitu au bili ya stima isipolipwa sisi ndio tunafungua bomba linatoa upepo. Mitaa mingine mtu anasikia bomba limekoroma usiku wa manane anaruka kitandani kujaza ndoo. Ukiwa na watoto nyumbani na unanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, hayo maji yanapikwa, yananywewa, watu wanaoga, vyombo vinaoshwa, na nguo nzito nyeusi ya mita nne ndiyo inayoambiwa ingojee. Na ukiifua kwa maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu sawasawa, inabaki kwenye kitambaa. Mimi sisemi ndivyo ilivyo kwake. Nasema usiende kwake na picha ya mtu asiyeoga.

Pili ni hilo buibui. Mengi yanayouzwa ni polyester, na polyester haina tabia ya pamba. Jasho lenyewe likitoka halinuki sana, linalonuka ni baada ya vijidudu vya ngozi kulila, hasa lile la kwapani na kinenani ambalo ni zito kidogo. Pamba inalinyonya lile jasho na ukiifua linatoka. Polyester maji haiyanywi lakini mafuta ya mwili inayashika, na vijidudu navyo vinakaa humo humo, kwa hivyo nguo yaweza kufuliwa ikanukia vizuri kwenye kamba, mtu akaivaa, mwili ukaipasha joto na ndani ya saa moja harufu ile ile imeamka. Ukiifukiza udi unaifunika tu. Wamama wengi wa hapa wanatundika buibui likapigwa upepo, wanalifukiza, kesho linavaliwa tena, na lingekuwa kitambaa chepesi cha pamba ingefaa.

Tatu umri wake. Mwanamke wa miaka hiyo anaweza kuwa kwenye kukoma hedhi, na kuna wanaoshikwa na joto la ghafla mpaka nguo inalowa, mchana na usiku, hata AC ikiwa nzima. Sukari, tezi ya shingoni na baadhi ya dawa pia zinaweza kumbadilishia mtu jasho. Na kuna majonzi, mtu akifiwa au nyumba ikiwaka moto kwa ugomvi, kujipamba ndio kitu cha kwanza kuachwa. Hayo nakutajia ili uende na moyo laini, si ili uende kumuuliza, kwa sababu hayo si yako kuyauliza. Akitaka kukwambia atakwambia.

Haya, kumwambia. Wewe ndiye wa kumwambia, lakini si kwa sababu bosi kakutuma, na si kwa sababu ni mwanamke. Ni kwa sababu alikuvutia kiti. Ukienda kama tarishi wa bosi atasikia sauti ya bosi, ukienda kama mdogo wake atakusikia wewe. Kwa hivyo kwa bosi usiitikie ndiyo wala la, mwambie hilo ni langu na Da Zuu, nawe kuna yako nitakuja kukwambia.

Chagua jioni wakati wa kufunga. Asubuhi usithubutu, utamfanya akae siku nzima amebana mikono asinyanyue hata faili. Na si Ijumaa na mahamri yake mezani, tafadhali, mtu amekulisha halafu umwambie ananuka, hata mimi ningekasirika. Shuka naye ngazi, mwambie leo nakusindikiza mpaka stejini, mkifika pahali hapana watu wa ofisini msimame. Usimkalishe kwenye mkahawa, mkahawani mtu hawezi kuondoka akitaka kuondoka.

Maneno yawe machache. Mimi ningesema hivi: "Da Zuu, nina jambo gumu kidogo na nakwambia kwa sababu ningekuwa mimi ningetaka uniambie wewe kuliko mtu mwingine. Siku hizi nasikia harufu ya jasho kwenye nguo zako, hasa mchana. Nadhani ni kitambaa cha buibui, na najua mtu mwenyewe haisikii. Nimeona nikwambie." Basi. Hapo nyamaza. Kunyamaza ndio kugumu, utatamani kujaza, utaanza samahani samahani, utaanza kumsifu kazi yake, utazunguka mpaka asielewe umesema nini na uanze upya. Umeshasema, mwache apumue.

Na katika maneno hayo kuna neno moja silitaki kulisikia: watu. Usimwambie watu wanasema, usimwambie sote tumesikia, usimtaje mteja wala spreyi wala Hewa Safi. Ni pua yako tu. Najua si kweli kamili, lakini aibu ya mbele ya mtu mmoja inabebeka, aibu ya mbele ya ofisi nzima inaweza kumfanya asirudi kesho.

Akikuuliza "wenzako nao wamesikia?" hapo usimdanganye pia. Mwambie "mie nimekuja kwa niaba yangu, ya wengine waache nayo." Atajua. Lakini hutakuwa wewe uliyemhesabia majina.

Akilia, mpe leso, mkae kimya. Akikasirika, na anaweza, akakwambia wewe mtoto mdogo umekosa adabu, mwambie nisamehe dada kama nimekuumiza, usirudishe maneno na usiyafute pia, usiseme aah nilikuwa natania. Kesho msalimie kama kawaida. Siku chache atakuwa baridi na wewe, acha awe baridi, kuna watu haya yao hutokea kama hasira na ikipoa wanarudi wenyewe.

Akikuuliza nifanye nini sasa, hapo uwe na kitu mkononi. Buibui aligeuze ndani nje, aliloweke nusu saa kwenye ndoo ya maji na siki, siki kipimo kimoja maji vinne, kisha afue na sabuni, sehemu za kwapa asugue kwa mkono, suza ya mwisho iwe ya maji matamu kama anayo, na alianike jua lipige mpaka likauke kabisa likiwa limegeuzwa vile vile lisichujuke. Siki isichanganywe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hata kidogo, hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu na watu wanaumia ndani ya bafu zao. Kama uwezo upo awe na mabuibui mawili matatu ya kupokezana, ya kitambaa chepesi, na ndani avae pamba badala ya dera la kuteleza, jasho lishikwe na pamba kabla ya kufika nje. Maji yakiwa kidogo, ndoo nusu yatosha, sabuni iende kwapani, chini ya matiti, kinenani na kwenye vidole vya miguu, kwingine maji tu. Zile rolon za kuzuia jasho watu wanazipaka asubuhi wakikimbilia feri, ngozi ishalowa, hazishiki, zinapakwa usiku kwa kwapa kavu kabla ya kulala. Na asiyetaka kununua, shabu ipo Marikiti kwa bei ya peremende, unalilowesha jiwe unasugua kwapani baada ya kuoga, bibi zetu wametumia na inafanya kazi. Ndimu mie siipendi, inababua, hasa mtu akiwa amenyoa.

Na kama ataguna akasema mie naoga mara mbili kwa siku na nguo nafua, mwamini, na umwambie basi enda ukapime sukari na umueleze daktari kuhusu hilo jasho, maana jasho la kupita kiasi lina dawa zake na hakuna haja ya mtu kukaa nalo akidhani ni lake la milele.

Sasa bosi wako. Huyu bwana kanikera kidogo. Watu sita kwenye chumba kimoja Mombasa mwezi wa kaskazi, nje nyuzi 32, AC imekufa, halafu shida ni mwanamke mmoja? Mwambie kwa adabu kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na hewa ya kutosha inayozunguka na mahali safi pa kunawia. Atengeneze AC au angalau anunue feni ya pili na madirisha yaliyozibwa na mafaili yafunguliwe, chooni kuwe na maji na sabuni na ndoano ya kutundika nguo, ili anayetoka kwenye feri amelowa apate pa kujifuta na kubadili kabla hajaketi. Hiyo itawafaa wote, pamoja na yule wa mafua. Naye mhasibu wenu, ofisi gani ya kliaringi haina mhasibu anayevua viatu chini ya meza, mbona yeye hana grupu lake?

Na hayo mambo ya Shimanzi, umwambie wazi kuwa ukishazungumza na Da Zuu unataka apewe muda, wiki kadhaa, nguo hazibadiliki kwa siku moja na daktari hapatikani kwa siku moja. Muda ukipita na hakuna kilichobadilika, hapo ni kazi ya bosi, si yako tena. Amwite mwenyewe faraghani, amwambie kwa kinywa chake, amuulize kama kuna jambo la afya au la nyumbani analohitaji kusaidiwa. Si memo ya ukutani ya "wafanyakazi wote wazingatie usafi", memo kama hiyo inasomwa na watano wasiohusika wakimtazama wa sita. Na kumhamisha mtu bila kumwambia sababu ni kumuogopa, sioni jina jingine.

Kuhusu Hewa Safi, toka leo. Usitoke kimya kimya, andika sentensi moja, "mie natoka, na hizi stika siku moja zitafika kwake," kisha ubonyeze. Simu zinaazimwa, simu zinaibiwa, skrini shoti inatumwa kwa grupu siyo kwa kidole kuteleza, na Da Zuu akija kuliona lile grupu jina lako likiwa humo, hayo mazungumzo yenu ya stejini atayasoma upya kwa macho mengine. Wenzako watakuita mnafiki. Waache, wakizubaa mtaani watapata jingine la kulichekea.

Ukishaongea naye niandikie, na bosi akikataa kutengeneza hiyo AC niandikie pia, hiyo nitaijibu kivyake.

Khalati wako